Sahani Tatu Mezani kwa Okanya

Niseme ukweli kabla mtu mwingine hajaja kunisemea: katika boma letu pale Dabani, upande wa Uganda, mimi ndiye niliyekuwa na mkono mtamu. Sijisifu bure. Sahani yangu ilikwenda imejaa na kurudi nyeupe, imepanguswa kwa kidole, na wanawake wenzangu wawili walilijua hilo hata kama hawakulitamka. Nataka kusimulia habari za mmoja wao, Teopista, mke wa shemeji yangu mkubwa. Lakini siwezi kumsimulia yeye nikajiacha mimi, maana shida yake kubwa ilitoka jikoni kwangu.

Kwetu wanaume hawali kila mtu kwake. Wako ndugu watatu: Okanya, kifungua mimba, Omaido, mume wangu, na Marvin, kitinda mimba, mume wa Barbara. Jioni, jua likianza kushuka, wote hukusanyika sebuleni kwa Okanya, na kila mke hupeleka sahani yake akiwa ameifunika kwa sahani nyingine. Kila mwanamume huchota katika zote tatu. Ndivyo alivyofanya baba yao, na babu yao kabla yake, na mwanamume anayejifungia na chungu cha mkewe peke yake husemwa kwamba anapasua boma. Siubezi utaratibu huo. Mimi nilizaliwa ng'ambo, upande wa Kenya, nikaolewa huku, na jioni ya kwanza sahani yangu ilipopokewa kwenye meza ile ndipo nilipojua kwamba nimeolewa kweli.

Ila meza hiyo ina sheria nyingine ambayo haisemwi. Usipoonja sahani ya mke wa ndugu yako, umemwambia mbele ya watu kwamba ametia kitu ndani. Kwa hiyo hakuna anayekataa. Hata kama umeshiba mpaka kooni, unamega tonge moja, unachovya, unasema asante.

Na Okanya alikuwa wa mwisho duniani kumkataa mtu. Ni fundi baiskeli mjini Busia, hatua chache kutoka mpakani, na nusu ya baiskeli zinazovusha mahindi na sabuni zimepita mikononi mwake. Mtu mpole hadi anaudhi. Kalo, ugali wetu wa ulezi, ikiungua anasema ina harufu ya nyumbani. Tangu niolewe sikuwahi kumsikia akiita chakula cha mtu kibaya.

Mwaka juzi, mwezi wa sita, kisogo kikaanza kumuuma kila asubuhi. Teopista akampeleka hospitali ya Masafu. Wakampima, wakampima tena kana kwamba mashine imekosea, kisha muuguzi akamgeukia Teopista, si Okanya. Dawa atameza, alisema, lakini dawa haitashinda chungu. Chumvi ipungue sana. Mafuta ya kuganda yaachwe. Mboga ziwe nusu ya sahani. Asipofanya hivyo, mshipa unaweza kupasuka kichwani. Yote yakaandikwa kwenye daftari ambalo kila mgonjwa huku hubeba mwenyewe.

Teopista aliishia darasa la tano huko kwao Busitema, ambako wazazi wake walilima ulezi na karanga. Hasemi sana. Lakini akishika jambo, hata ng'ombe wawili hawalivuti kutoka mikononi mwake. Kesho yake asubuhi alitoa kopo la mafuta ya kuganda jikoni, akampa mama mmoja apake ngozi za ngoma. Chumvi akaifunga kwenye kitambaa na kuiweka juu ya kabati, mahali ambapo mpaka apande kiti. Akaulizia hata maji ya majivu, yale tunayochuja kutoka kwenye maganda ya maharagwe yaliyochomwa ili mlenda ulainike. Muuguzi akamwambia nayo yana chumvi yake. Akayaacha, na kwa mwanamke wa hapa hilo ni kama kuambiwa upike bila moto.

Wiki ya kwanza alipika vitu visivyolika. Binti yake wa mwisho, Maggie, aliniletea malalamiko hadi mlangoni kwangu, nami nikamlisha. Wiki ya pili Teopista akakumbuka ukwaju wa nyanya yake. Akawa anaosha mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, maji matatu mpaka mchanga uishe. Anawakausha kwenye kikaango kitupu hadi wanukie, kisha anawapika na nyanya, kitunguu kingi na maji ya ukwaju. Kunde anazichemsha taratibu na kuzilaza usiku kucha kwenye maziwa. Karanga anazitwanga mwenyewe, nazo zinakuwa mafuta. Sasa ninajua kilikuwa chakula kizuri. Wakati huo nilikionja kwa ncha ya ulimi nikasema, "Hiki ni cha wagonjwa." Barbara akacheka mpaka akashika mbavu, na sahani ya Teopista ikawa inarudi nusu, Okanya peke yake ndiye aliyeila.

Mimi nilikuwa na siri yangu. Kila nilipovuka kwenda kwetu nilirudi na pakiti za unga wa mchuzi, ule wa manjano, nusu yake chumvi tupu. Pakiti moja kwenye chungu, mafuta vijiko vitatu, na chumvi juu yake tena. Huo ndio uliokuwa mkono wangu mtamu.

Siku moja Teopista alikuja jikoni kwangu. Hakuketi.

"Mama Becky, mimi nakuja na neno moja."

"Sema, Mama John Paul."

"Ile chumvi yako, punguza kidogo. Na hii unga ya pakiti. Mzee iko na presha. Mimi napika bila chumvi, lakini kwa meza iko sahani tatu."

Angesema hivyo akiwa amekaa, akipewa maji, labda ningesikia. Au labda najidanganya. Nilichosikia ni mke wa kaka mkubwa akija kutawala jiko langu.

"Kwani unataka kunifunza kupika?" nikamwambia. "Kila mtu na jiko lake, dada. Chakula yako ikikosa walaji, usiniletee mimi lawama."

"Mimi hapana kuja kwa mambo ya walaji," akasema. "Mimi nakuja kwa mzee."

Akaondoka. Jioni ile niliongeza nusu kijiko cha chumvi. Si kwa kusahau. Niliongeza makusudi, nikiwa nimeuma meno, na hilo sijamwambia mtu hadi leo.

Alipoona sipunguzi, Teopista akamwomba mumewe aache sahani yangu. Akamwomba usiku na mchana, na mwishowe Okanya akakubali kujaribu. Siku ya kwanza sahani yangu ilirudi na shimo dogo la Omaido na la Marvin tu. Nikasema labda ameshiba. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Omaido alikuwa Tororo kununua simiti na Marvin hakurudi mapema, kwa hiyo sahani ikarudi kama ilivyokwenda, imejaa, mafuta yameganda juu. Barbara aliiona uwanjani. Na jirani aliyekuja kuomba moto akaiona pia.

Lazima mjue wakati ule ulikuwaje. Mwezi uliotangulia mzee mmoja wa kijiji cha pili alianguka na kufa baada ya kula kwa shemeji yake, na maneno yalikuwa bado yanapita njiani. Mimi nami ni mtu wa kuja. Nilisimama katikati ya uwanja nikapaza sauti, na ulimi hauna mfupa.

"Miaka kumi na mmoja nawapikia! Leo nimekuwa mtu wa sumu? Semeni wazi! Kwa sababu nimetoka ng'ambo, si ndiyo?"

Okanya alitoka mlangoni, akanyoosha mikono yake miwili. Teopista alisimama nyuma yake. Nilifunga nguo zangu kwenye kanga, nikamwambia Omaido akirudi anifuate kwetu na mbuzi wa kunisafisha. Omaido hakunifuata. Alimwita senge.

Senge ni dada wa baba yao, na akisema, jambo limekwisha. Senge Taaka alikuja Jumapili baada ya misa, akaketi kwenye kiti cha kaka yake marehemu, nami nikarudishwa ili nisikilizwe. Niliambiwa nije na chakula. Nikapika kuku. Nikatia pakiti mbili, kwa sababu siku hiyo nilikuwa napigania jina langu.

"Okanya," senge akasema, "wewe nakataa chakula ya huyu kwa nini?"

"Senge, mimi hapana kumkataa yeye. Ni hii presha."

Teopista akapiga magoti, akamkabidhi lile daftari la hospitali kwa mikono miwili. Senge hakulifungua. Alilishika mapajani, akaliangalia jalada lake, kisha akamrudishia kwa heshima.

"Kitabu iko sawa," akasema. "Ugonjwa mimi nakubali. Lakini watu ya huko nje hapana kusoma kitabu. Wao naona sahani. Huyu ni mtoto wa watu. Kula, jina yake isafishwe."

Okanya alimtazama mkewe kwanza. Teopista alikuwa ametazama mikono yake. Basi akavuta bakuli langu, akala. Hakuonja tu, alikula nusu ya kuku mzima, akainua bakuli akanywa na mchuzi wake hadi tone la mwisho, ili kila aliyekuwepo aone. Akaniambia, "Asante, mulamwa." Hivyo ndivyo tunavyoitana, shemeji na shemeji. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Kuanzia siku ile alirudi kula katika sahani zote tatu, kila jioni, bila kuacha hata moja. Teopista hakugombana tena na mtu. Alianza kumpa Okanya bakuli kubwa la kunde mapema, kabla ndugu hawajafika, ili aende mezani akiwa ameshiba na amege kidogo. Nilimwona nikamcheka moyoni. Alikuwa akipigana na sisi wote kwa bakuli la mboga, na peke yake.

Mwezi wa pili mwaka jana, saa tatu asubuhi, Okanya alikuwa amepindua baiskeli ya mteja kichwa chini, anafunga mnyororo. Mteja anasema spana ilimdondoka. Akainama kuiokota kwa mkono wa kulia, mkono ukakataa. Akacheka kidogo, akajaribu tena. Kisha akaanguka juu ya gurudumu.

Walimkimbiza Masafu kwa pikipiki, mtu mmoja akimshika kutoka nyuma. Tulipofika, mimi na Teopista, mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja na jicho moja halifungi. Daktari alikuwa kijana, anaongea polepole. Alisema presha imekuwa juu miezi mingi. Akauliza kama dawa alikuwa akimeza. Akajibiwa kila siku. Akasema dawa peke yake haiwezi kama chakula hakijabadilika.

"Ilibadilika, daktari," Teopista akasema.

Alikuwa na nafasi ya kuninyooshea kidole na nilikuwa nimesimama kando yake. Nikangoja aseme. Hakusema. Ndipo nilipoona kwamba nisiposema mimi, daktari yule angeandika kwenye daftari kwamba mke huyu amedanganya.

"Ya kwake ilibadilika," nikasema. "Anakula na kwangu pia. Mimi sikubadilisha."

Daktari alinitazama, akaandika.

Tuliketi kwenye baraza, mgongo ukutani, na wagonjwa wengine na ndoo zao. Nilianza kulia kwa sauti ya msibani. Nikamwambia, "Mama John Paul, nimemuua."

"Nyamaza. Yeye hapana kufa. Usimlilie mtu anapumua."

Akakunja na kukunjua pindo la gomesi yake, gauni refu la huku.

"Mimi hapana kukasirika na chumvi yako," akasema. "Mimi nakasirika na mimi. Siku ile senge anasema kula, yeye nangalia mimi. Wewe naona? Yeye nangoja mimi niseme hapana. Mimi nanyamaza. Naogopa watu watasema Teopista navunja boma."

Mimi nilijua vizuri kwamba kama angesema hapana siku ile, wa kwanza kusema amevunja boma ningekuwa mimi.

Okanya alirudi nyumbani wiki ya tatu. Mkono wa kulia umekufa, mguu unaburuzika, na maneno yake yalikuwa uji mtupu, unasikia sauti lakini husikii kitu. Fundi mwingine alishachukua nafasi yake pale mpakani. Teopista alimwogesha, akamgeuza kitandani, akamlisha kwa kijiko akimfuta kidevu, na bado asubuhi na mapema ulimsikia akitwanga karanga.

Siku ya nne nikachukua kisu changu na kibao changu, nikaenda jikoni kwake. Mwanamke aliyeolewa haendi kukaa jikoni kwa mwenzake kama mwali. Nilipita mbele ya Barbara nikiwa najua anachofikiri. Nikamwambia Teopista, "Nifundishe."

Alisogeza kigoda. Nikaanza kuosha mukene, na maji ya pili akaniambia bado, na ya tatu akaniambia bado. Mimi mwenye mkono mtamu nilikaa pale mwezi mzima. Kwanza ulimi wangu ulikuwa kama kipande cha mbao, kila kitu ni majani. Wiki ya tatu hivi nikaanza kuisikia ladha ya kunde yenyewe, na ya kitunguu, na ukwaju ukinivuta mashavu kwa ndani. Kumbe miaka yote nilikuwa nawapikia watu chumvi na kuipaka rangi. Nikakusanya pakiti zilizobaki nikazitupa chooni. Mwezi ulipokwisha, Barbara naye akaja na kisu chake, akiwa anaangalia pembeni.

Omaido alinung'unika. Alisema ameoa mke mmoja akageuka mwingine. Nikamwambia aende Masafu akapimwe, kisha aje anung'unike. Alikwenda. Akarudi na daftari lake mwenyewe na hakunung'unika tena.

Meza hatukuivunja. Okanya tulimketisha palepale pake, mto nyuma ya mgongo, na jioni zikaja sahani tatu, zote hazina mafuta ya kuganda, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Teopista alimlisha kutoka kila moja. Hakuwa anasema lolote. Alifungua mdomo, akapokea, akameza. Mtu akimletea, anapokea. Hata mdomo ukiwa nusu, adabu ilikuwa kamili, na mimi ilinichoma kila nilipomwona.

Ilipofika mwezi wa sita, John Paul, mwana wao mkubwa anayefanya kazi Tororo, alikuja Jumapili na mkewe kumwona baba yake. Senge Taaka alikuja pia, na majirani wengi baada ya misa. Nyumba ilijaa, wengine wakakaa nje uwanjani chini ya paa la mabati. Nilikuwa nimepika tangu alfajiri: kunde za maziwa, mukene wa ukwaju, na kalo laini ambayo hata mtu asiye na meno angeimeza. Naapa hakikuwahi kutoka chakula kizuri kama kile mikononi mwangu. Nikakiweka mbele ya Okanya mwenyewe, kabla ya wengine wote.

Teopista alichota kijiko akakipeleka mdomoni. Okanya akafumba midomo. Akageuza uso.

"Sitaki," akasema.

Lilitoka safi, lote, kila herufi mahali pake. Miezi minne tulikuwa hatujasikia neno zima kutoka kwake. Kijiko cha Teopista kikabaki hewani. Senge alinigeukia polepole, na Omaido akainamisha kichwa kama mtu anayengoja mvua ya mawe, maana wote waliikumbuka siku ile uwanjani.

Na mimi, siwadanganyi, moto ule wa zamani uliniwaka kifuani. Mbele ya senge. Mbele ya majirani. Kisha nikamtazama usoni, nikaona jasho kwenye paji la uso kwa jinsi alivyolisukuma neno hilo, na macho yake yakiniogopa. Mtu mzima, nyumbani kwake, mgonjwa, akiniogopa mimi kwa sababu ameshiba.

"Umeshiba, mulamwa?" nikamwuliza.

Akatikisa kichwa kukubali.

"Basi usile."

Teopista akaweka kijiko chini, akajifunika uso kwa kiganja, mabega yakitikisika. Nikaichukua sahani yangu. Barbara alininyooshea ya kufunikia, sikuipokea. Nikatoka nayo mlangoni, nikaukatiza uwanja mchana kweupe hadi kwangu, imejaa na iko wazi, na majirani wote wakiiona.